Kitenzi Kilichopewa Likizo

"Zoezi zima la ugawaji wa mbegu kwa wakulima liliweza kufanyika kwa mafanikio makubwa licha ya uwepo wa changamoto mbalimbali."

Sentensi hii haikunakiliwa kutoka gazeti lolote. Imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini ni vigumu kumpata msomaji wa Kiswahili ambaye hajakutana na ndugu zake: katika taarifa za halmashauri, ripoti za miradi, hotuba za kufungua semina, na hata kurasa za mbele za magazeti. Sarufi yake haina kosa. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuisoma mara tatu asijue nani alimpa nani, wapi, lini, wala kiasi gani. Kati ya maneno yake 19, vitu vinavyoonekana kwa macho ni viwili tu, mbegu na wakulima. Vingine vyote ni ukungu.

Ukungu huo una asili yake. Kitendo kimegeuzwa jina. Kugawa kumekuwa "ugawaji", ugawaji ukatafutiwa "zoezi" la kuubeba, zoezi likahitaji "kufanyika", na kufanyika nako kukaongezewa "kuweza". Kitenzi "gawa", ambacho kingemaliza kazi yote peke yake, kimepewa likizo ndefu yenye malipo. Ni hasara kubwa kwa lugha ambayo kitenzi chake kimoja hubeba shehena ya sentensi nzima: ukisema "waliwagawia", tayari umetaja watendaji, wakati, kitendo na walionufaika, tena kwa neno moja. Mwandishi wa Kiswahili anayekimbilia majina marefu ameacha chombo chenye injini akashika kasia.

Sasa sentensi ileile iandikwe upya: "Jumatatu asubuhi wakulima wa kata tatu walipanga foleni kupokea mbegu za mahindi. Lori lilikuwa limekwama mtoni tangu usiku, kwa hiyo vijana wakavusha magunia kichwani." Zile "changamoto mbalimbali" zimepata sura: mto, lori, usiku, vichwa vya vijana. Msomaji amefika mahali pa tukio.

Lakini hebu mwandishi ajaribu kufanya marekebisho hayo akiwa amekaa mezani. Hawezi. Kata zilikuwa ngapi? Kilichokwama ni nini? Nani alivusha, na alivushaje? Majibu hayamo katika kamusi wala katika kitabu cha sarufi. Yamo vichwani mwa watu waliokuwapo. Ushauri mwingi kuhusu mtindo hupotea njia hapa, kwa kuwa hushughulika na kalamu kabla ya daftari. Sentensi nzito mara nyingi ni dalili ya mwandishi asiyejua vizuri kilichotokea, naye anajaza pengo kwa maneno yenye mbavu pana: mchakato, wadau, uwepo, suala zima. Anayejua kwamba lori lilikwama huandika kwamba lori lilikwama.

Waandishi ambao kazi zao zimedumu walikuwa na madaftari yaliyojaa. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Karne imepita na ushei, na watafiti bado wanakirudia. Nguvu yake iko katika mambo yenyewe: mtoto anavyopewa jina, watoto wanavyosoma chuoni, ngoma zinavyochezwa, malipo ya ndoa yanavyotajwa moja moja, misafara ya bara inavyoandaliwa. Mtoro hapotezi pumzi kutangaza kwamba utamaduni wa pwani ni tajiri. Anaupanga utajiri huo mbele ya msomaji, kitu baada ya kitu, na msomaji anafikia uamuzi wake bila kusukumwa.

Shaaban Robert naye, alipotaka kuandika wasifu wa Siti binti Saad, alizungumza na mwimbaji mwenyewe kabla hajafariki mwaka 1950. Mwandishi mvivu angeanza na "gwiji wa taarabu" na kuridhika hapo. Maisha ya Siti yanamshika msomaji kwa sababu ya vyungu. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla jina lake halijavuma alikuwa akitembeza vyungu mjini, akivinadi kwa sauti yake. Mwaka 1928 sauti hiyohiyo ilirekodiwa Bombay na kutiwa kwenye sahani za santuri. Msomaji aliyepewa vyungu na santuri katika aya moja ameshaona safari nzima, na neno "gwiji" limebaki bila kazi.

Adam Shafi alifanya jambo la aina hiyo katika *Kuli*, riwaya iliyotoka mwaka 1979. Alikuwa na mada kubwa mkononi: ukoloni, unyonyaji, mwamko wa wafanyakazi. Angeweza kuhutubia kurasa mia mbili. Badala yake alikwenda bandarini Unguja, akamfuata Rashidi kuli na wenzake, hadi mgomo wa mwaka 1948. Anayemfuata Rashidi kazini hahitaji kuelezwa kwamba ukoloni ulikuwa mzito. Mzigo anauona ulipo.

Kabla ya kuandika, basi, mwandishi na ajiulize maswali ya mpelelezi. Pengine haikuwa bahati tu kwamba Muhammed Said Abdulla, aliyekipa Kiswahili mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), alikuwa mwandishi wa habari, tena mhariri wa gazeti la kilimo la *Mkulima*. Anayewaandikia wakulima hujifunza upesi kwamba "tumia mbolea ya kutosha" ni maneno matupu, wakati "kijiko kimoja cha chai kwa kila shimo" ni habari. Na hadithi ya upelelezi hujengwa kwa vitu vidogo vya namna hiyohiyo: kiatu kilichochakaa upande mmoja, mlango uliopaswa kuwa umefungwa.

Daftari likishajaa, kalamu inayo kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukirudisha kitenzi kazini.

Anayedhani Kiswahili hakina kasi na asikilize mtangazaji wa soka redioni. Winga anachanja mbuga, beki analambwa chenga, krosi inamiminwa, kipa anautema mpira, shuti linagonga mwamba. Hakuna mtangazaji aliyewahi kusema kwamba zoezi la upigaji kona limefanyika. Hathubutu, kwa sababu msikilizaji hauoni uwanja na atazima redio. Msomaji naye hauoni uwanja. Tofauti ni kwamba akichoka hazimi kitu, anafunua ukurasa tu, na mwandishi hapati habari.

Zoezi la kwanza linalofaa (neno hili hapa limetumika kwa haki) ni kuchukua ukurasa mmoja wa kazi yako na kupigia mstari kila jozi ya aina hii: kufanya ukaguzi, kutoa msaada, kufanya mazungumzo, kutoa pongezi, kufanya mauaji, kupata majeraha. Karibu kila jozi ina kitenzi chake kinachosubiri: kukagua, kusaidia, kuzungumza, kupongeza, kuua, kujeruhiwa. Kisha pigia mstari "kuweza". "Aliweza kufika" mara nyingi ni "alifika". Liachwe pale tu uwezo ulipokuwa mashakani, kwa mfano mtu aliyevuka mto uliofurika. Ukurasa utapungua, na kilichobaki kitatembea.

Kuna pia kiambishi kimoja ambacho maofisi yamekisahau karibu kabisa, nacho ni -ka-. Edward Steere alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, masimulizi yale yalikwenda kwa -ka- ukurasa baada ya ukurasa, na bibi anayesimulia leo hufanya vilevile. Kitenzi cha kwanza hupokea -li- kuweka wakati, na vinavyofuata hushikana mikono: "Alifika kabla ya adhuhuri, akaagiza chai, akainywa akiwa amesimama, akalipa, akaondoka bila kuaga." Sasa isomwe kwa namna ya ripoti: "Alifika kabla ya adhuhuri na kisha aliagiza chai na baada ya hapo aliinywa akiwa amesimama na hatimaye alilipa na kuondoka bila kuaga." Matukio ni yaleyale, ila ya pili yamevaa buti za mvua. Katika sentensi ya kwanza huhitaji kuambiwa kwamba mtu huyu ana haraka, labda ana hasira, vitenzi vimeshasema. Isitoshe, maneno kama "kisha", "hatimaye" na "baada ya hapo" hubaki mapya kwa siku yatakapohitajika kweli.

Kauli za kitenzi zinataka uangalifu zaidi, maana humo ndimo ukweli unamoweza kujificha. "Gari liliacha njia na kupinduka", huandika magazeti kila wiki, kana kwamba gari lilichoka na barabara likaamua kwenda zake, huku dereva akiwa abiria kama wengine. Au "fedha za mradi zimepotea". Zilipotea zenyewe, au zilipotezwa? Na kama zilipotezwa, na nani? Kati ya kuvunjika, kuvunjwa na kuvunja kuna umbali ambao mahakama hutumia miezi kuupima. Msomaji hukaa macho panapokuwa na mtenda. Mwandishi asiyemjua mtenda anaweza kuandika waziwazi kwamba hajajulikana. Sentensi hiyo ni ya kweli na tena inamfanya msomaji atake kujua. Kauli ya kutendwa ina mahali pake, hasa pale aliyetendwa ndiye habari: "Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909" haihitaji kugeuzwa. Shida huanza inapokuwa kichaka cha kujifichia.

Lipo jambo jingine dogo lenye faida kubwa, yaani amba-. Sentensi yenye "ambaye", "ambao" na "ambayo" kwa mfuatano huanza kugugumia. "Mwanamke ambaye aliuza samaki ambao walivuliwa usiku" hupumua vizuri zaidi ikiwa "mwanamke aliyeuza samaki waliovuliwa usiku". Amba- ihifadhiwe kwa mahali isipoepukika, na hapo hakuna atakayeilalamikia.

Kiswahili pia kinaruhusu mahali kutangulia, na jambo jipya kukaa mwisho. "Baiskeli tatu zilikuwa chini ya mwembe" ni maelezo. "Chini ya mwembe palikuwa na baiskeli tatu" ni kuingia uani na kuona. Mwandishi anayetaka kumshtua msomaji kidogo hukipeleka kitu chake nyuma kabisa ya sentensi, ambako sauti hutua.

Yapo mafunzo ya shule ambayo mtu mzima analazimika kuyasahau. Maelfu ya watoto wa Kenya na Tanzania wamefunzwa kwamba insha nzuri ni ile iliyopambwa, na mapambo yenyewe yalikuwa kwenye orodha ya kukariri. Ndiyo maana katika insha hizo kila anayekimbia hukimbia mithili ya swara, kila kimya ni cha maji mtungini, kila anayeshangaa hupigwa na butwaa, na wahenga hawajawahi kukosea hata siku moja. Mtihani ulitoa alama kwa hayo. Msomaji wa gazeti hatoi alama. Pambo aliloliona mara mia halimwonyeshi tena chochote, na methali iliyowekwa mwanzoni mwa makala humfahamisha hitimisho kabla hajaanza safari. Hii haina maana methali zifukuzwe. Methali katika kinywa cha mtu anayejibizana na mwenzake, mahali inapomchoma mtu, ina makali yake yote. Methali ya kufungulia hotuba imekwisha makali zamani.

Tanakali za sauti zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Giza totoro, nyeupe pepepe, jiwe lililotumbukia majini chubwi: haya ni maneno ambayo lugha nyingi zinayatamani. Moja katika kurasa mbili hung'aa. Matano katika aya moja hugeuza makala kuwa kitabu cha watoto wa chekechea.

Na wale wanaojitetea kwamba Kiswahili si lugha yao ya kwanza, kwa hiyo mtindo ni wa watu wa pwani? Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria, mbali na Lamu na Unguja. *Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971 na ikazua mjadala mkali kiasi cha kupigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa humohumo. Sentensi zake ni fupi, kavu, hazina ushungi. Shaaban Robert aliandika kwa mizani, nusu ya sentensi ikiitikia nusu nyingine kama washairi wanaojibizana. Hao ni mafundi wawili wa njia mbili, na mwandishi anayeanza hana haja ya kuchagua upande. Anachohitaji ni kutambua kwamba wote wawili walisikia walichokiandika. Sentensi ndefu ikifuatwa na fupi, sikio huamka. Ndefu nne mfululizo hulifunika.

Tarakimu nazo hutaka kutafsiriwa ziwe vitu. "Shamba la hekta 50" humpita msomaji asiyepima ardhi, lakini uwanja wa mpira wa viwango vya kimataifa hauzidi sana robo tatu ya hekta, kwa hiyo hekta 50 ni kama viwanja 70. Uangalifu unahitajika zaidi kwa anayeandika kwa nchi zaidi ya moja. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Anayeripoti bei ya "gunia" pale mpakani Namanga bila kusema gunia la upande gani amewapotosha wasomaji wa pande zote mbili. Hata saa ina mtego wake. "Saa mbili" iandikwe asubuhi au usiku, hasa kama kuna basi la kuwahi.

Kinachobaki ni namna ya kumshika msomaji tangu mwanzo na kutomwachia mapema. Ken Walibora, aliyeandika pia safu katika *Taifa Leo*, aliijenga *Siku Njema* (1996) juu ya swali moja: kijana Kongowea Mswahili wa Tanga anamtafuta baba yake asiyemjua, na utafutaji huo unampeleka hadi Kenya. Mengi hutokea njiani, na msomaji huyavumilia yote kwa kuwa swali halijajibiwa. Makala ya kilimo au ya afya inaweza kufanya hivyohivyo. Makala kuhusu malaria inayoanza na "Malaria ni ugonjwa unaosababishwa na vimelea" haina swali, ina jibu ambalo hakuna aliyeliuliza. Ianze na nyumba mbili za mtaa mmoja, zote zina vyandarua, moja inaugua kila masika na nyingine haiugui. Sasa kuna swali, na vimelea vitapata wasikilizaji.

Waandishi wa hadithi za mfululizo magazetini wanalijua hili kwa njia ya mfuko. Eric Shigongo alijipatia jina Tanzania kwa hadithi zilizokatwa vipandevipande, kila kipande kikimwacha mtu mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa. Wapo wanaozidharau, na kwa lugha si zote zinazoweza kutetewa. Hata hivyo mwandishi anayeweza kumfanya mtu atoe hela ya gazeti wiki ijayo ili ajue nani alikuwa nyuma ya mlango anajua kitu kuhusu wasomaji ambacho wengi wenye shahada hawajakigusa. Kinyume chake ni makala inayoishia na "hivyo basi, ni wajibu wa kila mmoja wetu kuhakikisha". Mhariri mwenye huruma huikata aya hiyo bila kuuliza. Mara nyingi makala ilikuwa imekwisha aya moja nyuma, na mwandishi peke yake ndiye hakuambiwa.

Kwa majaribio ya mwisho haihitajiki semina. Simu ya kawaida ina kinasa sauti. Mwandishi na aisome kazi yake yote kwa sauti, airekodi, kisha aisikilize akiwa anatembea au anaosha vyombo. Pumzi inapokatika katikati ya sentensi, sentensi ikatwe. Neno moja likisikika mara tatu katika dakika moja, mawili yaondoke. Na kuna mahali ambapo atajisikia akiharakisha, akimung'unya maneno ili apite upesi. Mahali hapo hapahitaji maneno mazuri zaidi. Karibu kila mara ndipo alipoandika jambo asilolijua vizuri, na dawa yake ni kumpigia simu mtu aliyekuwapo, kabla saa za kazi hazijaisha.